Setilaiti ya chini au ya juu?

Zote mbili zinaanguka. Uvutano wa dunia unazivuta, ila zinakwenda mbele kwa kasi hivyo hazigongi ardhi. Za chini, kama za intaneti ya Starlink, kilomita 550 hivi juu, hukimbia kilomita 7.6 kwa sekunde. Za juu, kwenye kilomita 35,786, uvutano ni dhaifu, kilomita 3.1 tu kwa sekunde zinatosha, na setilaiti huzunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana dishi la Azam hufungwa mara moja likatulia.

Kwa uchache wa idadi, ya juu inashinda: 3 karibu zinatosha dunia nzima, za chini za Starlink ni maelfu. Tena hewa nyembamba huzikwaza hizo za chini. Zisiposukumwa na injini, hushuka zikaungua.

Lakini maongezi ya video kupitia juu huchelewa nusu sekunde, kero kweli! Wa mpira achague juu. Wa mikutano, chini.