Accessible Beige au Agreeable Gray: ipi upake sebuleni?

Kwa anayetaka ukuta wenye ujoto lakini usiwe wa njano, rangi mbili za kampuni ya Sherwin-Williams hushindanishwa sana: Accessible Beige (SW 7036) na Agreeable Gray (SW 7029). Mimi namba moja naipa Accessible Beige, ila sakafu yako inaweza kunipinga.

Usipoteze muda kuuliza ipi inaangaza chumba zaidi. Kwenye kipimo cha kurudisha mwanga, ambapo 0 ni nyeusi tititi na 100 ni nyeupe pepepe, ya kwanza ina 58 na ya pili 60. Ukutani hutaiona tofauti hiyo. Kinachozitenga ni bluu. Kwa namba ambazo skrini hutumia kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, zote zina nyekundu 209, lakini Accessible Beige ina bluu 184 na mwenzake 193. Bluu ikipungua, rangi huelekea umanjano, na huo ndio ujoto unaoutafuta.

Ndiyo maana kwenye chumba cha mwanga hafifu Agreeable Gray huishia kuwa kijivu kitupu, na ujoto ulioulipia huuoni tena. Accessible Beige hustahimili. Pia hupatana na mbao, mikeka na makochi ya ngozi.

Sasa sakafu. Kama ni vigae vya kijivu, au kaunta ni marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, Accessible Beige itaonekana kama ukuta mweupe uliochakaa. Hapo chukua Agreeable Gray bila kusita. Fanya hivyo hivyo kwa chumba kinachopigwa na jua mchana kutwa, maana jua lenyewe litaleta ujoto.

Taa nunua kabla ya rangi. Balbu ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 huongeza umanjano, ya 4000 huupoza, kwa hiyo jaribio lililofanywa chini ya balbu utakayoibadilisha ni kazi bure.

Na jaribio lenyewe lisifanyike moja kwa moja ukutani, kwa sababu rangi ya zamani inayokizunguka kiraka hulihadaa jicho. Paka kipande cha ubao mikono miwili, kikauke, kisha kisimamishe wima na ukihamishe pembe hadi pembe: asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. (Picha za simu zisahau kabisa.) Kiweke pia kando ya fremu za milango. Zikiwa nyeupe yenye ubluu, Accessible Beige itaonekana chafu. Ama uzipake upya nyeupe tulivu, ama uhamie kwa namba mbili.