Fimbo ya maji ya kuoshea vioo vya ghorofa na koki yake: uzoefu wangu Dar

Muuzaji wa fimbo hizi atakutajia urefu kwanza: mita 9, mita 12, mita 18. Mimi swali langu ni lingine. Ikishafunguliwa yote, ncha inayumba kiasi gani, na mtu mmoja ataishika mpaka saa sita mchana bila mabega kufa ganzi? Kazi yangu ni vioo vya majengo ya ghorofa tatu na nne, Masaki na Mikocheni zaidi, na nimeshashika za alumini, za faibaglasi na za kaboni.

Kwa asiyezijua: ni vipande vinavyoingiana, vinafungwa kwa klampu. Ndani unapita mpira mwembamba unaopeleka maji hadi kwenye brashi. Maji yenyewe yamechujwa mpaka chumvi zote zimetoka, kwa hiyo unasugua, unasuuza, unaondoka. Kioo kinakauka chenyewe bila kuacha madoa, na hakuna anayepanda ngazi. Uingereza, ambako kifaa hiki kimeenea sana, kanuni zao za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005 zinataka kupanda kuepukwe pale kazi inapowezekana kufanyika kutoka chini. Kwa hilo pekee naipenda fimbo hii kuliko kifaa kingine chochote ninachobeba.

Alumini ni ya duka la chini na ghorofa ya kwanza, basi. Faibaglasi ni ngumu kuvunjika na bei yake inavumilika, na kwa nyumba ya ghorofa moja sioni sababu ya kutafuta zaidi. Ila ukiivuta kupita mita 7 hivi, tabia inabadilika. Unasukuma kwa chini, tumbo la fimbo linapinda kwanza, halafu brashi ndiyo inafuata, tena inatua pale inapotaka yenyewe. Kona za fremu, ambako vumbi na chumvi ya bahari ndiko vinakojikusanya, zinabaki vilevile. Kwa kaboni mkono ukienda, brashi imeshakwenda. Bei yake inauma, sikatai, lakini kwa ghorofa ya nne tofauti yake ni kazi iliyoisha vizuri na kazi ya kurudiwa. Ukienda kununua, usiipime ikiwa imekunjwa dukani. Omba waifungue yote, waweke na brashi juu, uishike kwa mshazari kama utakavyokuwa kazini, usugue ukuta kwa dakika tano.

Na hili nalisisitiza: kaboni inapitisha umeme, alumini pia, na fimbo yoyote yenye maji si ya kuiamini. Kuna mitaa ambayo nyaya za kilovolti 11 zinapita karibu kabisa na uzio wa jengo. Upande huo hatuoshi kwa fimbo, hata mteja aseme nini.

Sasa koki. Watu wanaidharau kwa sababu ni kitu kidogo, ilhali ndiyo inayoamua unamwaga pesa kiasi gani. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na mita ya TDS, yaani kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, ukiichovya unaona mwenyewe. Inabidi yapite kwenye chujio la RO kwanza, lenye utando unaozuia chumvi, ambalo nalo linamwaga sehemu ya maji, kisha yamalizie kwenye rezini, punje zinazonasa chumvi iliyobaki, mpaka mita isome sifuri au karibu yake. Mimi ikishapita 10 nabadilisha rezini. Sasa maji ya gharama hiyo yanamwagika bure kwenye lami wakati unahama kutoka dirisha hili kwenda lile?

Bila koki, unampigia kelele msaidizi aliyeko kwenye kirikuu azime pampu. Njia hiyo haifai, hasa barabarani. Ziko koki za kukaa juu kabisa karibu na brashi, unazifunga kwa kuuvuta mpira kutoka chini. Zinakata maji papo hapo, jambo zuri pale watu wanapopita chini yako. Ubaya wake ni uzito: gramu chache zikiwa kule juu, mkono unazisikia siku nzima. Ya chini inakaa pale mpira mkubwa unapoungana na ule wa fimbo. Ukishaifunga, mpira wa mita 12 wenye tundu la milimita 5 bado una karibu robo lita ndani, na baadhi yanaendelea kudondoka. Nakubali matone hayo. Nimechagua ya chini, ya shaba, ya kugeuza robo mzunguko, nimeibana kwenye fimbo usawa wa kiuno ili kidole gumba kiifikie bila kuinama. Za plastiki mkono wake unakauka kwa jua na kukatika.

Kabla ya kuifunga koki yoyote, hakikisha pampu inajizima yenyewe presha ikipanda, au ina kidhibiti kinachohisi kwamba njia imezibwa. Kila mita 10 za kwenda juu zinakula presha ya bari moja, kwa hiyo pampu ya kufika ghorofa ya nne si dhaifu. Isipojizima, mpira unachomoka kwenye kiungio.

Msimu wa kaskazi, kwenye majengo yanayotazama bahari, tunaanza alfajiri kabla upepo haujachanganya, kwa sababu hata kaboni ikifunguliwa yote inasukumwa.

Kwa ofisi za ghorofa tatu na nne ningenunua tena kaboni ya mita 12 na koki ya shaba ya chini, bila kusita. Viungio na koki za akiba Kariakoo zinapatikana. Klampu za fimbo yenyewe ziagize pamoja na fimbo, angalau seti moja ya ziada, maana ndizo zinazochoka kwanza.