Rangi gani ununue kwa mandhari ya vita vya mezani: kopo la dukani kwanza, chupa za hobi baadaye

Chupa moja ya Vallejo, rangi ya hobi ya kupakia askari wadogo wa sanamu wanaochezewa vita vya mezani, ina mililita 18. Kopo la lita moja la rangi ya ukutani ni sawa na chupa 55 na ushei. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mpangilio wetu unaanzia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanakwerekwe, au Chake Chake kwa aliye Pemba, na si kwenye kifurushi kutoka Ulaya. Meza ya kawaida ya mchezo ni sentimita 180 kwa 120, yaani mita za mraba mbili na kidogo, na hapo hujagusa kuta za nyumba, vilima wala magofu. Lita moja ya rangi nzuri hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, kwenye ukuta laini. Kwenye mchanga uliogandishwa kwa gundi na povu jeupe la kufungia vyombo lililochongwa, hesabu sita. Bado inatosha ubao mzima mikono miwili na nyumba mbili tatu juu yake.

Askari wa milimita 28 ni jambo jingine: huyo hushikwa mkononi, akageuzwa, akaangaliwa macho. Jengo huangaliwa kutoka upande wa pili wa meza. Kinachopendeza kwenye jengo ni tofauti ya giza la mashimoni na mwanga wa kingoni. Ukishaipata tofauti hiyo, hakuna atakayejua rangi ilitoka kopo gani.

Ya kwanza: rangi ya maji ya nje, isiyong'aa

Maneno mawili usiyasahau mbele ya kaunta: *ya nje* na *isiyong'aa*. Rangi ya ndani ya bei ya chini hujazwa chaki nyingi na gundi kidogo, ndiyo maana kanzu ikigusa ukuta inatoka nyeupe. Kwenye mandhari yanayoshikwashikwa kila wiki, kingo zitaanza kuchubuka mapema. Rangi ya nje ina gundi zaidi na hunyumbuka kidogo, hivyo haipasuki ubao ukijikunja. Yenye mng'ao, hata ule mdogo wa "hariri", iache: mwanga wa taa huirudisha machoni na jiwe lako likaonekana kama sahani ya plastiki. Tena brashi kavu, yaani iliyofutwa hadi ikabaki na rangi kidogo tu, huteleza juu yake badala ya kushika.

Kama huna hakika na kopo, lijaribu. Paka kipande cha boksi, kiache kikauke usiku kucha, kisha kisugue kwa kidole gumba kilicholowa. Kidole kikitoka na rangi, usilitupe kopo. Ongeza kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao kwa kila vijiko vitano vya rangi. Gundi ya mbao, si ile nyeupe ya watoto wa skuli, ambayo hurudi kunata hewa ikijaa unyevu. Na hewa ya visiwani hujaa unyevu.

Nunua nyeupe lita moja na nyeusi nusu lita. Rangi nyingine zote zitoke kwenye vichupa vya kukolezea, vile mafundi wanavyotia kwenye nyeupe: manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na kahawia. Vichupa hivyo vina rangi tupu bila gundi ya kutosha, kwa hiyo usipake peke yake. Haikauki sawasawa na hufutika. Dukani pakiwa na makopo ya lita nne tu, gawaneni watu watatu. Lita nne kwa mtu mmoja ni kazi ya miaka.

Ya pili: akriliki za wachoraji

Hizi ni zile za mirija na chupa ndogo zinazouzwa na vifaa vya skuli na vya wachoraji. Zina nguvu ya rangi kuliko kopo la ukutani, ndiyo maana tunazipa kazi ya vitu vidogo vinavyovuta jicho: mlango, madirisha, pipa, kitambaa kwenye kamba. Ukinunua nne tu, chukua bluu ya kijani, nyekundu, kahawia iliyoiva na nyeupe. Za bei rahisi sana zina ugonjwa mmoja, hasa manjano na nyekundu: hupitisha cha chini yake. Mlango mwekundu uliopakwa moja kwa moja juu ya nyeusi utaonekana kama damu ya juzi. Weka kwanza mkono wa kijivu hafifu au wa waridi, kisha nyekundu.

Ya tatu: chupa za hobi

Citadel, Vallejo na Army Painter ni rangi nzuri kabisa, na kwa askari tungeziweka za kwanza bila kufikiri. Kwa mandhari, nunua tatu na usizidishe. Moja ya rangi ya chuma, kwa sababu chuma cha akriliki za skuli huwa na chembe kubwa kama pambo la harusi. Moja ya kahawia ya kivuli, ile nyembamba inayotiririka mashimoni, lakini itumie kwenye vitu vidogo tu. Kwenye kuta tutaikoroga wenyewe. Ya tatu iwe ya aina ya Contrast, ambayo Citadel walianza kuiuza 2019. Hii hupakwa mara moja juu ya rangi nyeupe ya maziwa, ikajitengenezea kivuli na mwanga. Kwa paa la makuti, magunia na boriti haina mpinzani: nyumba nzima ya makuti huisha kwa dakika kumi.

Jambo la usafiri: rangi hizi ni za maji, kwa hiyo jamaa anayekuja kwa ndege anaweza kukuletea kwenye begi la kupakiwa. Makopo ya kupuliza ya kampuni hizohizo ni mzigo wa hatari. Usimtie mtu matatani uwanja wa ndege.

Ya nne: rangi ya kupuliza

Sifa yake ni haraka. Nyumba ya plastiki ngumu au iliyotoka kwenye printa ya 3D hupata mkono wa kwanza kwa dakika mbili, hadi kwenye mapengo ambayo brashi haifiki. Lakini dawa inayoibeba huyeyusha lile povu jeupe linalokuja na televisheni na friji, na povu hilo ndilo wengi wetu tunachongea miamba. Usidanganyike kwamba utapuliza kwa mbali. Ukipuliza kwa mbali, huyeyuka polepole tu.

Hali ya hewa nayo ina la kusema. Asubuhi yenye umande au siku ya masika, kati ya Machi na Mei, rangi hukauka na ukungu mweupe juu yake, na vanishi ya kupuliza ndiyo mbaya zaidi. Kaskazi ikiwa kali na jua limesimama, matone hukauka hewani kabla ya kufika, na ukuta hushikwa na chenga kama za msasa. Puliza saa nne asubuhi, kivulini, kopo sentimita 25 kutoka kwenye kipande, kwa mapito mafupi. Na kitu kilichochapwa kwa plastiki ya PLA usikiache garini juani kikauke. Hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na mnara wako utarudi umeinama.

Ya mwisho: rangi ya mafuta

Wanaoipendekeza wanaiona ikifanya maajabu kwenye picha za Tingatinga zinazouzwa Mji Mkongwe, na kweli sanaa ile, iliyoanzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ilijengwa juu ya rangi ya mafuta na hadibodi. Lakini hadibodi ni bapa na mng'ao wake ndio uzuri wa picha. Mandhari yanataka kinyume chake. Mkono mmoja huomba saa 16 hadi 24 kukauka, masika hata zaidi, na mandhari yanataka mikono minne. Tina na petroli huyeyusha povu. Huwezi kupaka kavu, kwa sababu inanata. Itumie kwenye bati halisi tu, kama umekata kopo la maziwa kuwa paa.

Chokaa hatukuipa nafasi kabisa. Inashawishi, kwa kuwa kuta za Mji Mkongwe zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, lakini kwenye povu haishiki na kwenye vidole haikosekani.

Brashi: hapa usibane mkono

Kosa la kawaida ni kununua rangi tano na brashi moja ndogo. Brashi ndogo ndiyo inayokula usiku wako. Chukua brashi ya ukutani ya sentimita 5 kwa mikono ya chini, na brashi mbili nene za duara za kupakia poda usoni, zile za maduka ya vipodozi Darajani. Nywele zake laini na kichwa cha duara hupaka kavu bila kuacha mistari, jambo ambalo brashi bapa ya ukutani haiwezi. Ongeza kipande cha sponji ya godoro kilichochanwa kwa mkono, si kukatwa kwa mkasi: kingo zilizochanika ndizo zinazofanya madoa ya kuvu na kutu yaonekane ya kweli.

Kuzitumia: ukuta wa matumbawe kwa jioni mbili

Jioni ya kwanza ni ya kuziba. Koroga nyeusi vijiko vinne, kahawia kijiko kimoja, gundi ya mbao vijiko vinne, maji kijiko kimoja. Paka kila mahali, na chini ya ubao pia. Ubao uliopakwa upande mmoja hujikunja kama ukoko wa wali, kwa sababu rangi ikikauka huvuta upande wake tu. Mchanganyiko huu wa gundi na rangi ndio ngozi ya povu. Penye tundu, povu litamenyeka kwa ukucha.

Mchanga wa kugandisha chini uwe wa ujenzi, uliochekechwa, kikombe kimoja tu. Wa pwani una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu kisha ikachanua juu ya rangi kama unga, ikibandua mkono mzima. Kama huna mwingine, uoshe kwa maji ya bomba mara tatu na uanike hadi ukauke kabisa. Makonyo machache ya karafuu, kwa aliye Pemba, ni mashina mazuri ya miti iliyoungua. Hayahitaji hata kuchongwa.

Jioni ya pili, koroga rangi ya jiwe: nyeupe vijiko vinane, manjano ya udongo viwili, nyeusi nusu. Paka kwa brashi ya sentimita 5 iliyofutwa nusu, ukiburuza juu ya mawe na kuyaacha mashimo meusi. Kama mashimo yamejaa, brashi ilikuwa na maji mengi. Usirekebishe ikiwa mbichi.

Ikikauka, mimina kivuli: kahawia kijiko kimoja, nyeusi robo kijiko, maji vijiko kumi, sabuni ya vyombo tone moja. Bila sabuni, maji hujikusanya kama shanga juu ya rangi. Sabuni ikizidi, mapovu yake huacha vishimo. Kilaze kipande, mimina, kisha nyonya kwa kitambaa madimbwi ya pembeni. Dimbwi likiachwa hukauka na duara kama la kikombe cha chai mezani. Hapa subira inalipa: acha saa tatu, usitumie feni, feni huyasukuma maji upande mmoja.

Mwisho ni brashi ya poda na nyeupe iliyotiwa manjano kidogo. Chovya ncha, futa kwenye boksi hadi ionekane kama haina kitu, kisha pitisha haraka kingoni. Ukianza kuona rangi ikiingia wazi kwa pito la kwanza, brashi bado imeloa. Kwa kuta za Mji Mkongwe malizia na sponji: kijivu cheusi kikianza chini ya dirisha na kuteremka, kwani maji ya mvua ndiko yanakopita. Anayejenga kasri la vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896, vilivyokwisha kwa muda usiotimia saa nzima, azidishe nyeupe na apunguze madoa. Majumba yale yalikuwa bado yanatunzwa. Kwa udongo wa Pemba, badala ya manjano tia nyekundu ya udongo vijiko viwili na kahawia kimoja.

Vanishi iwe ya maji na isiyong'aa, mkono mmoja mwembamba. Gundi iliyozimuliwa haifai badala yake, kwa kuwa hung'aa.

Rangi iliyobaki imimine kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa hadi juu, ili hewa isipate nafasi, na iweke kivulini. Ikifunguliwa miezi baadaye ikanuka kama yai bovu, imeshaoza. Usijaribu kuiokoa kwa maji. Iache wazi ikauke chupani, kisha itupe na taka, isiende kwenye mtaro unaoishia baharini.