Kuni za Kupikia Shughuli: Zipi Ununue, Zipi Uache

Napika shughuli hapa Tanga, sufuria la kilo 20 hadi 30 za mchele, na kuni zimenitoa jasho kuliko nyama na mchele. Harusi moja ya Mfunguo Mosi nililetewa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, imejaa mpaka juu. Kuni za juu zilikuwa kavu, ncha zimepasuka. Za chini zilikuwa mbichi, maganda yameng'ang'ania, kila ukiusukuma ukuni motoni povu linachemka kwenye ncha. Nyama iliyotakiwa kuiva saa tano iliiva saa saba, bwana harusi ameshatoka msikitini na watu wameketi jamvini. Muuzaji nilikuwa nimemlipa zote, na simu yake haikupokelewa tena.

Nazipanga hapa kwa jicho la anayepikia nje kwa mafiga: unataka moto mkali wa kuchemshia nyama, halafu makaa mazuri ya kupalia pilau.

Namba moja kwangu ni mvinje. Ukuni wake mzito, moto wake mkali, na makaa yake yanakaa. Ukishatoa vipande vinavyowaka, yanayobaki chini yanatosha kulikausha pilau taratibu. Tena unakubali kuwaka hata ukiwa haujakauka sawasawa, jambo ambalo miti mingi haikubali. Kasoro yake ni kwamba ukikauka ni mgumu kupasua. Agiza upasuliwe ungali mbichi, la sivyo utaletewa magogo yasiyoingia kwenye mafiga na kijana wa shoka atataka malipo yake mbali.

Namba mbili, mkaratusi. Unapandwa kwingi, hasa huku kwetu ukipanda Lushoto, kwa hiyo unapatikana mwaka mzima. Ukikauka, maji ya nyama yanachemka upesi. Ila gogo zima la mkaratusi linadanganya: nje limekauka, ndani lina maji. Nunua uliopasuliwa tu. Na makaa yake kwangu hayafiki ya mvinje, kwa hiyo ongeza kuni kabla hujaanza kupalia.

Namba tatu, mwarobaini. Watu wengi wanapunguza matawi uani na kuyauza rahisi. Nyuma yake kidogo naweka mkorosho mzee uliong'olewa shambani. Moto wake wa wastani, unafaa maharage na chai ya wageni kuliko pilau.

Mabanzi ya paini yanayotoka viwanda vya mbao ni ya kuwashia tu. Yanashika haraka kwa sababu ya utomvu, yanaisha haraka, na sufuria linatoka na masizi ya kusugua siku mbili. Nanunua mzigo mmoja mdogo, basi.

Vifuu havimo kwenye mashindano haya, lakini usipike bila navyo. Vichome kando mpaka viwe makaa mekundu, kisha vipange juu ya mfuniko. Joto lake ni kali na linaenea, na wali wa juu unakauka bila kuguswa na moshi. Wauza nazi wa sokoni wanakupa gunia kwa hela ndogo, wengine wanakushukuru kwa kuwapunguzia uchafu.

Sasa za kuacha. Mwembe sikuutaka tena baada ya wasaidizi wangu wawili kuwashwa macho. Moshi wake unawasumbua baadhi ya watu machoni na hata kwenye ngozi. Mnyaa usiukaribishe kabisa, utomvu wake ni hatari kwa macho. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, au mbao zenye rangi, ni sumu, na majivu yake yanabaki na sumu hiyo. Mikoko inawaka vizuri, najua, lakini ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali. Anayekuletea usiku kwa bei ya chini anakuingiza kwenye kesi yake. Hata kwa miti mingine, muulize mwenye gari kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Na kama unapikia shule au taasisi, kumbuka zile zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa na serikali kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Huko usinunue kuni, tafuta gesi.

Ukavu unaujua kwa mkono na sikio. Gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinalia bubu. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na moto wako unayachemsha maji hayo kabla haujakifikia chungu. Kwa hiyo usifurahie uzito. Nami siku hizi namwambia muuzaji, "Mwanangu, nipasulie mmoja wa chini." Akisema "Mama, zote ni sawa tu," bila kushika shoka, naondoka.

Kipimo kinagombanisha watu zaidi ya bei. "Gari moja" si kipimo. Zipangwe, kisha upime urefu, upana na kimo: bodi ya mita 2 kwa 1.4, kuni zikipanda nusu mita, ni mita za ujazo 1.4. Zikipangwa vizuri, mti wenyewe unajaza kama theluthi mbili ya nafasi hiyo. Zikitupwa ovyo unaweza usifike nusu. Gari lile lile, bei ile ile, kuni pungufu.

Malipo: nusu wakati wa kuagiza, nusu zikishashushwa na safu ya chini imeonekana. Muuzaji naye ana haki yake. Usimwagize leo harusi kesho halafu umlaumu kwa ubichi; kuni zilizopasuliwa zinataka miezi miwili mitatu ya jua, juu ya vijiti zisiguse ardhi, zimefunikwa juu tu. Kabla ya masika ndio wakati wa kununua. Mzee ninayenunua kwake sasa hunipigia Januari: "Mama, mvinje umekatwa wiki hii, nikupasulie?" Namtumia nusu ya hela siku hiyo hiyo.