Kozi ya Sheria kwa Wasio Mawakili: Inafaa, Lakini Utafiti Umebanwa

Wengi wanaoshughulikia haki za binadamu jijini Nairobi hawakusomea sheria. Ni wanahabari, walimu na wanaharakati wa mitaani, na bado kazi yao huwalazimu kunukuu vifungu na hukumu. Kozi ya Jumamosi niliyohudhuria katikati ya jiji imeandaliwa kwa ajili yao, nami naipongeza kwa sababu haidai kumfanya mtu wakili, bali inamfundisha kusoma hukumu bila kuipotosha.

Kipindi kilichonifaa zaidi kilihusu kesi ya wakazi wa Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambao makazi yao yalibomolewa mwaka 2011. Mahakama Kuu iliamua kwa manufaa yao mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2016, kisha Januari 2021 Mahakama ya Upeo, iliyo ya juu kuliko zote nchini, ikatoa uamuzi wake na kuirudisha kesi Mahakama Kuu ili nafuu inayowastahili wakazi iamuliwe. Mkufunzi alitugawia kwanza hukumu ya mwaka 2016 peke yake, akatuuliza kama tungeitegemea katika ripoti ya leo. Hapo ndipo Kifungu cha 163(7) cha Katiba, kinachozifunga mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Upeo, kilipoeleweka hata kwa aliyekuwa hajawahi kukifungua.

Kutoka hapo tulijifunza kutenganisha hoja inayobeba uamuzi na maelezo ambayo jaji huyatoa kwa kupita tu. Tulijifunza pia kwamba mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria zake chini ya Kifungu cha 2(6), ilhali miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufurusha watu, kama Mahakama ya Upeo ilivyoeleza katika kesi hiyo hiyo, husaidia kufasiri haki lakini haina nguvu hiyo. Tofauti hii huvurugwa mno katika taarifa zetu kwa umma, na wanaoumia ni wale tunaodai kuwatetea.

Sehemu ya utafiti haikutendewa haki. Tulionyeshwa tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bila malipo, na namna vifupisho KESC, KECA na KEHC vinavyotambulisha mahakama iliyoamua, yaani ya Upeo, ya Rufaa na Kuu kwa mpangilio huo, lakini zoezi lenyewe lilisukumwa hadi jioni, watu wakiwa wamechoka. Makabrasha yote yalikuwa kwa Kiingereza, jambo ambalo siwezi kulitetea katika nchi ambayo Kifungu cha 7 kinataja Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Ada si ndogo kwa anayejitolea. Hata hivyo, mwenye kuandika ripoti za ukiukaji wa haki ningemshauri ajiandikishe, na kabla ya kwenda asome Sura yote ya Nne ya Katiba, inayohusu haki za binadamu, kuanzia kifungu cha 19 hadi cha 59, kwa kuwa mkufunzi hairudii.