Kliniki ya Seli Mundu kwa Watoto: Tathmini ya Mzazi Aliyetafuta Jibu la Homa Zisizoisha

Kliniki ninayoitathmini iko ndani ya hospitali moja ya rufaa katika Kanda ya Ziwa, Tanzania. Hufanya kazi siku moja kwa wiki, na hupokea watoto waliokwisha kuthibitishwa kuwa na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, pamoja na wale ambao zahanati na vituo vya afya vimewatilia shaka bila kufikia uhakika. Sitaitaja jina, kwa sababu nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia. Kwa ujumla naona kuwa upande wa uchunguzi na wa kuwafundisha wazazi inafanya kazi nzuri kuliko mahali pengine popote tulipowahi kumpeleka mtoto, lakini upande wa dawa na wa dharura bado una mapengo ambayo mzazi anastahili kuyajua kabla hajaitegemea.

Mwanangu alikuwa mtoto mwenye afya hadi alipokaribia miezi sita, na baada ya hapo homa hazikumwacha. Kila tulipokwenda kutibiwa tulirudi na jina jipya la ugonjwa: leo malaria, mara nyingine UTI, kisha taifodi, kisha kichomi. Alipewa dawa mseto hata siku ambazo kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na kwa kuwa homa ilishuka baada ya siku chache, kila mmoja wetu aliamini kwamba dawa ya mwisho ndiyo iliyomponya. Kisha viganja na nyayo zake zilivimba, za pande zote mbili kwa pamoja, zikawa za moto na zenye maumivu kiasi kwamba hakutaka kuguswa wala kushikishwa kitu. Tuliambiwa ni mzio. Baadaye damu ilipungua ghafla, akalazwa na kuongezewa damu, tukaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi iliyoandikwa upungufu wa damu, bila mtu yeyote kueleza damu hiyo ilikuwa imekwenda wapi.

Mahali ambapo hospitali haikutoa maelezo, maelezo yalitoka kwingine, na sioni ajabu yoyote katika hilo. Walikuwapo waliosema mtoto amebemendwa, maneno ambayo kwa mama anayenyonyesha ni hukumu nzito kwa sababu yanamtuhumu yeye na mumewe kwa jambo la faragha. Walikuwapo walioshauri aondolewe meno ya plastiki, yaani achimbuliwe fizi kwa madai kwamba kuna meno mabaya yanayosababisha homa na kuharisha. Bibi yake, ambaye neno lake lina uzito nyumbani kwetu, ndiye aliyekataa, akasema mtoto ambaye juzi tu ameongezewa damu hawezi kutolewa damu nyingine kinywani. Namshukuru kwa hilo, kwa kuwa kitendo kile huacha kidonda katika fizi za mtoto ambaye mwili wake tayari unashindwa kujikinga na maambukizi.

Sasa nieleze kilichoifanya kliniki hii iwe tofauti. Daktari aliyetupokea hakuanza na homa ya siku hiyo. Alisema, "Mama, naomba kadi ya mtoto na karatasi zote mlizonazo, hata zilizochakaa," kisha akachora mstari mrefu nyuma ya fomu iliyokwisha kutumika, akaugawa kwa miezi, na kila tulichomtajia akakiandika juu ya mwezi wake: homa, uvimbe wa mikono, macho ya manjano ambayo sisi tulidhani ni rangi yake tu, kulazwa, kuongezewa damu. Akaweka kando yake ukurasa wa ukuaji katika kadi, ambapo mstari wa uzito ulikuwa umetoka kwenye kijani na kuingia kwenye kijivu katika miezi ile ile. Alipomaliza, hatukuhitaji kuambiwa mengi. Magonjwa ambayo kwa muda wote ule yalikuwa na majina mbalimbali na dawa mbalimbali yalikaa kwenye mstari mmoja, na ilionekana wazi kwamba kilichohitajika ni kutafuta chanzo kimoja.

Maelezo aliyotoa nayaandika hapa kwa sababu ni sehemu ya huduma, na sijayapata kwingine kwa lugha iliyonyooka namna ile. Hemoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni, na mtoto huzaliwa akiwa na ile ya aina ya F kwa wingi, ambayo humkinga kwa miezi ya mwanzo hata kama amerithi seli mundu. Kadiri hemoglobini hiyo inavyopungua katika mwaka wa kwanza ndivyo dalili zinavyoanza kujitokeza, na ndiyo maana watoto wengi huonekana wazima kabisa hadi karibu nusu mwaka. Chembe nyekundu zenye hemoglobini S, ile ya seli mundu, zinapopoteza oksijeni hukakamaa na kujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Kuziba huleta maumivu na uvimbe wa mikono na miguu, kuvunjika huleta upungufu wa damu na macho ya manjano, na bandama inayoharibika taratibu humwacha mtoto bila kinga dhidi ya bakteria wa kichomi na wa homa ya uti wa mgongo. Uvimbe wa viganja na nyayo za pande zote mbili kwa mtoto wa umri ule, alisema, ni dalili ambayo peke yake inatosha kuagiza kipimo.

Katika suala la vipimo kliniki ilionyesha uangalifu ambao mzazi asiyejua anaweza kuudhani kuwa ni ucheleweshaji. Kipimo cha awali, ambacho tone la damu huchanganywa na kemikali na kutazamwa kwa hadubini, hakiwezi kumtenganisha mtoto mgonjwa na yule aliyebeba kinasaba kimoja tu, na kwa vichanga kinaweza kushindwa kabisa kuona tatizo. Kwa hiyo huagizwa kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Daktari aliuliza mara mbili tarehe ya mtoto kuongezewa damu, kwa kuwa damu ya mchangiaji hubaki mwilini kwa miezi kadhaa na inaweza kuleta majibu yanayomwonyesha mgonjwa kuwa ni mbebaji tu. Akatupima sisi wazazi wakati huo huo, akapanga mtoto arudiwe kupimwa baada ya damu ile kuisha, na wakati tunasubiri akaanza kumtibu kama mwenye ugonjwa. Majibu ya mwisho yalithibitisha kile ambacho mstari wake ulikuwa umeonyesha. Sisi wawili tulikuwa AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha seli mundu, na mtoto SS, mwenye viwili.

Hapo ndipo ushauri nasaha ulipofanya kazi yake. Muuguzi alitukalisha pamoja, mimi na mume wangu, akasisitiza kwamba kila mzazi ametoa kinasaba kimoja na kwamba katika kila ujauzito nafasi ya kumpata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne, iwe ni mtoto wa kwanza au wa tano. Alisema hivyo mbele ya mama mkwe, ambaye alikuwa amekaribishwa aingie. Kwa familia zetu, ambamo ugonjwa wa mtoto hupewa ukoo wa mama bila majadiliano, uamuzi wa kumkaribisha mkwe ndani ya chumba kile una thamani kubwa mno, na ningependa kila kliniki iuige. Alieleza pia kwa nini kinasaba hiki kimeenea sana kwetu: mwenye kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Mwenye viwili, kinyume chake, malaria humwelemea, na kwa hiyo chandarua kwa mtoto huyu ni sehemu ya matibabu.

Somo la bandama ndilo ninalolithamini kuliko yote. Muuguzi alimlaza mtoto chali, akashika vidole vyangu, akaviweka chini ya mbavu za kushoto na kuvisogeza polepole kuelekea juu mtoto alipokuwa akivuta pumzi, hadi nikahisi ukingo mgumu kidogo ukigusa ncha za vidole. Akasema, "Hapo ndipo ilipo leo, mama. Ikishuka zaidi ya hapo, na viganja vikawa vyeupe, usisubiri asubuhi." Bandama ya mtoto mwenye seli mundu inaweza kunasa damu nyingi kwa ghafla na kumuua ndani ya saa chache, na wazazi nchini Jamaika walifundishwa kuipapasa namna hii tangu miongo mingi iliyopita, vifo vikapungua. Ni ujuzi usiohitaji mashine wala fedha, na nimeutumia.

Kuhusu dawa, mpango wenyewe hauna kasoro. Mtoto hupewa penisilini V miligramu 125 asubuhi na jioni, kipimo ambacho huongezwa anapotimiza miaka mitatu na ambacho huendelea hadi miaka mitano. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi makali ya nimokokasi, yule bakteria wa kichomi, kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo wenye ugonjwa huu. Hupewa pia asidi ya foliki, chanjo ya nimonia huhakikiwa kwenye kadi, na kuanzia miezi tisa huzungumziwa haidroksiurea, dawa inayoongeza hemoglobini F. Tatizo ni upatikanaji. Sera ya nchi inasema matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni bure, lakini dirisha la dawa mara nyingi halina penisilini ya watoto, na mzazi hutumwa duka la dawa la nje, ambako nako wauzaji wengine humpa amoksilini wakisema ni ile ile. Haidroksiurea tuliyoipata ilikuwa kapsuli za miligramu 500, wakati mtoto wa kilo tisa huanzishiwa takriban miligramu 180 kwa siku. Mfamasia alitusaidia kuichanganya na kutuonyesha namna ya kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na alitutaka tuvae glavu, lakini sidhani kuwa ni haki kazi ya maabara ihamishiwe jikoni kwa mzazi. Kwa mtoto ambaye usalama wake unategemea dozi mbili kila siku, neno "dawa imeisha, jaribu wiki ijayo" ni kasoro kubwa, na uongozi wa hospitali unapaswa kuichukulia hivyo.

Kasoro ya pili ni dharura. Kliniki inafundisha, na inafundisha vizuri, kwamba joto la nyuzi 38.5 au zaidi kwa mtoto huyu ni sababu ya kukimbilia hospitali saa ile ile. Lakini homa haichagui siku ya kliniki. Tulipofika usiku, faili lilikuwa limefungiwa ofisini, zamu ilikuwa na daktari asiyemjua mtoto, na tulipangwa kwenye foleni ya watoto wenye homa za kawaida. Kilichotuokoa ni kikaratasi kigumu ambacho muuguzi wa kliniki alikuwa ametujazia kwa mkono wake, kikiwa na aina ya hemoglobini ya mtoto, kiwango chake cha kawaida cha damu, ukubwa wa bandama na dawa anazotumia. Daktari wa zamu alikisoma, akaagiza antibayotiki ya mshipa kabla hata ya kusubiri majibu. Kwa hiyo karatasi hiyo inafaa itolewe kwa kila mtoto kama sehemu ya kawaida ya huduma, isiachiwe moyo wa muuguzi mmoja.

Foleni ni ndefu, viti havitoshi, na anayetoka wilayani hulazimika kulala mjini. Hayo ni ya kawaida katika hospitali zetu na sitayarefusha. Kubwa zaidi ni kwamba kliniki inawapata watoto wamechelewa. Wizara ya Afya imekuwa ikitaja takriban watoto 11,000 wanaozaliwa na seli mundu nchini kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi. Vipo vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu ya kisigino na kutoa jibu ndani ya dakika chache, bila umeme. Kama kipimo cha namna hiyo kingefanyika wodi ya wazazi, au hata siku ya chanjo ya kwanza, mwanangu angeanza penisilini kabla ya homa yake ya kwanza, na majina yale yote yasingehitajika.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anaugua mara kwa mara na kila safari anapewa jibu jipya, hasa akiwa na macho ya manjano, damu inayopungua au mikono na miguu iliyowahi kuvimba kwa pamoja, napendekeza kliniki ya aina hii bila kusita, na pale alipo sasa anaweza kuuliza moja kwa moja iwapo mtoto amepimwa seli mundu. Aende mapema asubuhi, afuatane na mzazi mwenzake kwa kuwa wote wawili watapimwa, abebe kadi ya kliniki na karatasi zote za matibabu ya nyuma, na kama mtoto aliwahi kuongezewa damu, aandike tarehe. Kabla ya kuondoka, aombe kile kikaratasi cha dharura hata kama hajapewa.