Kadi nzuri ya sauti, programu iliyonitia aibu mbele ya mwimbaji

Sitaitaja kampuni iliyotengeneza kadi hii ya sauti, kifaa cha kuunganishia maiki na hedifoni kwenye kompyuta, wala sitaorodhesha idadi ya matundu yake, kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye boksi. Ninachotaka kukieleza ni kile ambacho boksi halikisemi: jinsi programu yake ya kusikilizia inavyogombana na programu ya kurekodia, na jinsi ugomvi huo unavyomwangukia mtu aliyevaa hedifoni.

Sauti ya maiki ikipitishwa kwenye kompyuta kisha ikarudishwa masikioni, hukusanywa mafungu mafungu kabla ya kushughulikiwa. Fungu la sampuli 256 (yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti), kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 5, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Ukiongeza ya kurudi na muda wa kugeuza sauti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa sauti, unapita milisekunde 10. Mpiga gitaa huweza kulivumilia hilo, kwani ndani ya muda huo sauti husafiri hewani kiasi cha mita tatu na nusu, umbali ambao ameshauzoea kati yake na spika. Mwimbaji hawezi. Sauti yake anaisikia tayari kupitia mifupa ya kichwa, na ile ya hedifoni inapofika ikiwa imechelewa, mawimbi mengine hufutana, naye hujisikia kama anaimba ndani ya mtungi. Ndiyo maana kadi nyingi za siku hizi zina miksa, yaani kichanganya sauti, ndani yake, inayoipeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni bila kuizungusha kwenye kompyuta. Programu ninayoilalamikia kazi yake ni kuiongoza miksa hiyo, basi.

Wakati wa mvua za masika alinijia studio, hapa Unguja, Bi mmoja mwimbaji wa taarab, mtu mzima ambaye sauti yake watu wa rika langu tumekua tukiisikia harusini. Fidla na ganuni zilikuwa zimekwisha kurekodiwa kwingine kwa kasi ya 44,100, ilhali kadi yangu ilikuwa kwenye 48,000. Nilikuwa nimemwandalia mpangilio wake: sauti yake juu kidogo, ganuni upande mmoja, na mwangwi wa kumpa raha, ambao husikika masikioni mwake tu wala hauingii kwenye kinachorekodiwa. Nilipoufungua wimbo, programu ya kurekodia iliitaka kadi ibadili kasi, kadi ikatii, na katika kutii huko ikaufuta mpangilio wote kimya kimya na kurudi kwenye ule wa kiwandani, ambao maiki hainyamazishwi, na sauti inayorudi kutoka kwenye kompyuta hainyamazishwi pia.

Aliimba ubeti wa kwanza kwa taabu. Katikati ya wa pili alisimama, akaiondoa hedifoni kwenye sikio moja na kuniambia, “Mwanangu, humu ndani kuna mtu ananifuatisha.”

Alikuwa akisema kweli, kwa sababu alijisikia mara mbili, mara ya kwanza kupitia miksa na mara ya pili, kwa kuchelewa, kupitia kompyuta. Nilizima usikilizaji wa upande wa programu ya kurekodia, yule “mtu” akaondoka, lakini sasa sauti ikawa kavu na ganuni haisikiki vizuri. Nikaifungua programu ya kusikilizia, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hadi leo: dirisha lilionyesha vitelezi vyote pale pale nilipoviacha, mwangwi ukiwa umewashwa, wakati kadi yenyewe ilikuwa ikifanya mambo mengine kabisa. Kusahau mpangilio ningeweza kulisamehe. Kuonyesha kwenye kioo jambo ambalo halipo, mbele ya mgeni wa heshima anayesubiri huku amesimama, siwezi. Ilinibidi nikisogeze kila kitelezi kidogo ndipo kadi ikumbuke, na muda wote huo Bi yule alikaa kimya kwa adabu iliyoniumiza zaidi ya kelele.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza kila hatua. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, sentensi moja: nipunguze bafa, yaani lile fungu la sampuli. Bafa haihusiki hata kidogo na njia isiyopita kwenye kompyuta, na anayefanya kazi katika kampuni inayouza njia hiyo anapaswa kulijua hilo kabla yangu.

Nilikaa kuandika nikiwa nimedhamiria kuipa nyota moja. Haki yake nayo ni lazima niiseme: mpangilio ulipokaa sawa, Bi yule aliimba kwa utulivu ambao sijaupata kwa kadi nyingine yoyote niliyowahi kuitumia, na mwisho wa kibwagizo alivuta pumzi na kuipamba sauti kwa namna ambayo mtu anayejisikia kwa kuchelewa hathubutu. Kwa sauti hiyo peke yake ningesema nyota nne. Kisha nakumbuka kwamba mfumo wa ASIO, wa kuunganisha programu ya kurekodia na kadi, uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, una njia inayoiwezesha programu ya kurekodia kuiongoza miksa ya kadi yenyewe, na kwamba watengenezaji hawa wameiweka kwa spika tu, hedifoni wakaiacha nje, nami narudi kwenye mbili.

Anayerekodi peke yake chumbani ainunue bila hofu, lakini aufungue wimbo kwanza, aihakikishe kasi, kisha ndipo aupakie mpangilio wake aliouhifadhi. Mwenye studio inayopokea watu asubiri toleo ambalo dirisha lake litaonyesha kile kadi inachokifanya.